Barua ya Walinzi wa Mlango

Kwa miaka tisa Cyriaque hakuwahi kukalia benchi la kanisa. Misa nzima alikuwa wima, glavu nyeupe mikononi, utepe wa zambarau begani, akienda na kurudi kwenye ujia wa katikati kama mtu aliyepoteza funguo. Alikuwa mkuu wa protokoli. Wakongo popote walipo huwaita hivyo watu wanaokupokea mlangoni, wakakuonyesha pa kukaa, na wakakukazia macho simu yako ikilia wakati wa mageuzo. Ukienda Misa ya Kiswahili pale mtaa wa Mount Dennis, huku ughaibuni kwenye baridi, saa nane mchana baada ya Wareno kumaliza yao, utawaona kumi na watatu wamesimama kama misumari. Na ukichelewa, utawajua vizuri zaidi.

Jumapili moja ya Februari Padri Novatus alimaliza matangazo, akakunja karatasi yake, kisha akasema kana kwamba amekumbuka jambo dogo, "Jumapili ijayo baada ya Misa nitaonana na protokoli kule chini. Nitawasomea uamuzi wangu." Hakusema uamuzi wa nini. Kanisa zima lilijua, na vichwa mia mbili vikageuka kumtazama Cyriaque, naye akajifanya anapanga vitabu vya nyimbo.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Wiki mbili nyuma, Landry, mdogo kuliko wote katika protokoli na mwenye kifua mbele kuliko wote, alimzuia mlangoni mama mmoja Mrundi aliyechelewa. Masomo yalikuwa yameanza, na sheria ya protokoli ni kwamba hapiti mtu kuanzia masomo hadi mwisho wa mahubiri. Mama yule alikuwa ametoka Rexdale kwa mabasi mawili, na kichanga cha miezi mitatu ndani ya koti lake. Akaachwa kwenye kile chumba kidogo cha kuingilia, ambacho mashine yake ya joto ilikufa tangu Krismasi na hakuna aliyejisumbua kuitengeneza. Padri Novatus akihubiri haangalii saa. Mtoto alilazwa siku tatu kwa kifua. Alipona, Mungu ashukuriwe, lakini midomo ya watu ilikuwa imeshafunguka.

Ikasemwa kwamba protokoli hujifungia kule chini ya kanisa na kutia komeo. Ikasemwa kwamba anayeingizwa hupiga magoti, akaapa, kisha wenzake wakamgusa paji la uso kwa paji la uso mara tatu na kutamka maneno ambayo hakuna mwingine anayeyajua. Ikasemwa wanazima taa. Mengine yalitiwa chumvi, mengine yalikuwa kweli. Taa hawakuzima, ila kweli waliapa, na komeo lilikuwepo.

Protokoli ikivunjwa, Cyriaque angeumia kiburi chake, na kiburi ni kidonda kinachopona. Aliyekuwa akimnyima usingizi ni Mzee Elysée. Huyu alikuwa mtu wa Baraka, mji wa kando ya ziwa kule Kongo, ana miaka sabini na mmoja, na mkewe alikuwa amefariki msimu wa baridi wa mwaka juzi. Watoto wake walihamia Alberta, na sauti zao alizisikia Krismasi tu. Kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, mtu pekee aliyezungumza naye ni yule binti wa duka la dawa, na yule alimwuliza tarehe ya kuzaliwa tu. Jumamosi alipiga pasi utepe wake. Jumapili alishika mlango mkubwa wa kanisa, akasalimia watu mia mbili kwa majina yao, pamoja na majina ya mama zao waliobaki Uvira, kule Kongo. Mlango ule ukichukuliwa, mzee angebaki na nini? Cyriaque alijiuliza swali hilo wiki nzima na hakupenda jibu.

Jambo jingine lilimchoma zaidi, na hilo hakulisema kwa mtu, hata kwa mkewe Jolie. Kule chini, ukutani, ndani ya fremu ya kioo, ilitundikwa barua. Ilikuwa na sahihi ya Padri Gaspard, aliyekuwa paroko kabla ya Novatus, pamoja na mhuri wa parokia, ule mhuri mwekundu wa mviringo ambao Mkongo akiuona husimama wima hata kama hajasoma kilichoandikwa juu yake. Barua ilisema mambo matatu. Kwanza, protokoli iko chini ya paroko peke yake. Pili, hakuna kamati, shirika wala mzee wa kanisa mwenye mamlaka ya kuiita, kuionya au kumwondoa mtu wake. Tatu, ina haki ya kukutana mlango ukiwa umefungwa. Walinzi wote waliapa wakiwa wameweka mkono juu ya kioo kile. Wote waliamini kwamba Padri Gaspard aliiandika kwa mkono wake, akiwa amesali.

Aliyeiandika ni Cyriaque.

Na hakuitoa kichwani mwake. Kabla ya vita kumtoa Uvira, alifundisha historia sekondari miaka kumi na minne, na somo alilolipenda kuliko yote ni lile la vita vya msalaba. Hasa alipenda habari za Mashujaa wa Hekalu, wale watawa wenye panga waliolinda mahujaji kwenye njia ya Yerusalemu. Mwaka 1139 Papa Inosenti wa Pili aliwapa barua iliyowaweka chini yake yeye Papa peke yake. Askofu gani sijui, wa mji gani sijui, hana la kuwaambia. Darasani Cyriaque alipofika hapo alikuwa akinyanyua chaki juu. Hebu fikirini, aliwaambia wanafunzi, kikundi cha watu maskini kabisa, waliokuwa hawana hata jina, barua moja ikawainua hadi maaskofu wakawa wanawaogopa.

Kwa hiyo miaka mitatu iliyopita, Kamati ya Misa ya Kiswahili ilipoanza kuiingilia protokoli, Mwalimu alikaa mezani kwake, akamwiga Papa Inosenti neno kwa neno alivyomkumbuka. Akampelekea Padri Gaspard barua ile asubuhi ya siku ambayo padri alikuwa na mazishi mawili na ubatizo mmoja. Padri alitia sahihi juu ya boneti ya gari. "Mwalimu, hii ni nini?" aliuliza. "Ni utaratibu tu, Padri," alijibu Cyriaque.

Somo lile lina nusu ya pili, lakini siku zote Cyriaque aliifundisha mbio mbio kwa sababu mitihani ilikuwa inakaribia. Jumatatu ile, kiwandani kwao Rexdale wanakooka mikate, nusu ya pili ilimrudia akiwa amesimama kwenye mkanda wa mashine. Akapanga mikate ya mviringo kwenye kreti za mikate mirefu, kreti thelathini na mbili, hadi msimamizi akaja kumwuliza kama anaumwa. Aliporudi nyumbani alifungua sanduku la chini ya kitanda, akatoa daftari lake la zamani, akalisoma amesimama jikoni huku wali ukipoa.

"Kaa chini ule," Jolie alisema.

"Nakula."

"Unazunguka meza. Tangu jana umekalia miiba, Cyriaque. Hata kwenye ile nyumba ya wazee ninakofanya kazi, mwenye miaka tisini anatulia kuliko weye."

Cyriaque hakumsikia. Daftari lilisema hivi. Mwaka 1307 Mfalme Filipo wa Ufaransa aliwakamata Mashujaa wa Hekalu siku moja, alfajiri, nchi nzima. Aliwashtaki kwa mambo waliyoyafanya mlango ukiwa umefungwa, siku ya kumwingiza mtu mpya. Walioteswa walikiri hata wasiyoyafanya. Nani awatetee? Maaskofu walikuwa wamefungiwa mlango kwa karibu miaka mia mbili. Alibaki Papa tu, na Papa wa wakati huo, Klementi wa Tano, alikuwa mtu wa kumwogopa mfalme. Wakubwa wao aliwasamehe. Halafu mwaka 1312, kwenye mtaguso wa Vienne, akawasomea maaskofu barua ya kulivunja shirika zima, bila hukumu, na akakataza mtu kufungua kinywa. Barua ya Papa iliyowatoa mikononi mwa watu wengine wote ndiyo iliyowaacha mikononi mwa mtu mmoja.

Alilifunga daftari. Jasho lilimtoka, na nje ilikuwa chini ya sifuri kwa nyuzi kumi na tano.

Jumatano aliomba ruhusa kazini akaenda kumwona Padri Novatus ofisini. Padri huyu ni Mhaya wa Bukoba, mrefu, mpole wa sauti, na mtu asiyepoteza karatasi. Mezani alikuwa na nakala ya barua, imepigiwa mstari kwa wino wa bluu.

"Tumsifu Yesu Kristo," Cyriaque alisema.

"Milele, amina. Keti, Mwalimu."

"Niko sawa, Padri." Akabaki amesimama, mkono juu ya mgongo wa kiti. "Nimekuja kuomba tusikilizwe kabla hujasoma uamuzi."

"Niwasikilize kupitia nani? Nimetafuta wa kumwuliza habari zenu. Baraza la parokia wakaniambia haliwahusu, kuna barua. Kamati ya Misa wakaniambia barua inasema wasiwaite na wasiwaonye. Sasa mtu asiyeruhusiwa kukuonya atakutetea vipi?" Padri aligusa karatasi kwa kidole. "Hapa mmesema ninyi ni wangu peke yangu. Nimekubali. Basi nitaamua peke yangu."

"Padri, kuna Papa mmoja, Klementi wa Tano."

"Namjua. Tulimsoma seminari."

"Aliwavunja watu bila kuwasikiliza."

Padri Novatus alitabasamu kidogo. "Umenipandisha cheo, Mwalimu. Lakini yule alisukumwa na mfalme. Mimi hapa nani amenisukuma? Mama wa mtoto? Wale wa zamani inasemekana walisingiziwa. Ninyi mlimwacha mtoto kwenye baridi, na hilo halikusingiziwa."

Cyriaque alitazama nje ya dirisha, theluji iliyochafuka kandokando ya maegesho, basi likipita.

"Ninachoshangaa," Padri aliendelea, "ni Padri Gaspard. Mtu mwenye busara vile. Aliandika kitu kama hiki kwa akili gani?"

Hapo ndipo Cyriaque alipaswa kusema. Alifungua kinywa. Kilichotoka ni, "Sijui, Padri." Akaaga, akashuka ngazi mbili mbili. Nakwambia, mtu mzima wa miaka hamsini na mitatu alitembea kwa miguu kutoka kanisani hadi nyumbani, akapitiliza nyumba yake, akafika karibu na Weston, kisha akarudi, kwa sababu kila aliposimama aibu ilimkamata.

Ijumaa jioni alipita kwa Mzee Elysée, ghorofa ya tisa. Alimkuta amesimama mbele ya ubao wa pasi. Utepe wa zambarau ulikuwa umenyooka tayari, lakini mzee aliendelea kuupitisha pasi, taratibu, kutoka ncha hadi ncha.

"Mzee, leo Ijumaa. Siku zote unapiga pasi Jumamosi."

"Nilikuwa na nafasi," Elysée alisema. Hakumwangalia. "Ile barua bado iko ukutani?"

"Iko, Mzee."

"Na kashe ya Padri Gaspard, ule mhuri, iko juu yake."

"Iko."

"Bon. Basi hatuna wasiwasi. Padri hawezi kuandika neno halafu mwingine akalifuta hivi hivi. Miye naamini ile barua kuliko ninavyoamini kitambulisho changu."

Alizima pasi, akaukunja utepe mara nne, akauweka juu ya Biblia. Cyriaque alikataa chai. Alikataa kiti pia. Kwenye lifti ya kushuka alijiangalia katika kioo, akajitukana waziwazi, kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Palikuwa na sentensi moja kwenye lile daftari, pembeni, kwa penseli, ambayo hakuwahi kuwafundisha wanafunzi. Ilisema kwamba pale Vienne, maaskofu walipoulizwa, wengi wao walitaka Mashujaa wa Hekalu waruhusiwe kujitetea. Wale wale waliofungiwa mlango miaka yote ndio waliosema wasikilizwe. Papa hakuwafuata, lakini walisema. Aliposoma hiyo mara ya tano Jumamosi asubuhi, Cyriaque alivaa koti akapanda basi la barabara ya Lawrence kuelekea Lawrence Heights, kwa Mama Thacienne.

Mama Thacienne ni Mrundi wa Buyenzi, Bujumbura, mwenyekiti wa Kamati ya Misa, mlezi wa wagonjwa kwa kazi, na mdomo wake hauna pazia. Miaka mitatu iliyopita alishuka kule chini na ombi moja: kina mama wenye watoto wachanga waruhusiwe kuingia wakati wowote. Cyriaque hakumpa kiti. Alisimama mbele ya fremu, ikiwa na siku nne tu ukutani, akamsomea kipengele cha pili kwa sauti ya darasani, mbele ya wanaume kumi na wawili. Kuanzia siku ile Thacienne alimsalimia kwa kidevu.

Alibisha hodi. Mlango ukafunguka kidogo, mnyororo ukiwa mahali pake, na jicho moja likamtazama kutoka utosini hadi viatuni. Ndani kulinukia isombe, kisamvu cha kwao.

"Mwalimu."

"Mama Thacienne, samahani kuja bila taarifa. Nina neno."

"Tunasoma Injili humu," alisema. "Subiri hapo." Mlango ukafungwa.

Akasubiri. Alihesabu vigae vya korido. Alisoma tangazo la takataka. Aliegemea ukuta, akajitoa ukutani, akaenda hadi kwenye ngazi, akarudi. Dirisha la mwisho wa korido lilikuwa limevunjika pembe na upepo uliingia moja kwa moja kifuani. Jirani alipita na mifuko ya soko, akamwangalia kama mdai. Vidole vya miguu vikaanza kumuuma. Mara mbili alinyanyua mkono agonge tena, na mara mbili aliushusha, kwa sababu kufikia hapo alikuwa ameelewa.

Mlango ulipofunguka, mnyororo haukuwepo.

"Dakika thelathini na tano," Mama Thacienne alisema. "Nilimwuliza yule mama. Ndizo alizokaa. Na weye hukubeba mtoto."

"Hapana, Mama. Sikubeba."

"Haya, ingia."

Alimkalisha jikoni, na Cyriaque akakaa, kwenye ukingo wa kiti. Akamwambia yote bila kupamba: Papa Inosenti, boneti ya gari, Jumatano kwa Padri na lile "sijui" lake. Mama Thacienne alikoroga sufuria akiwa amempa kisogo.

"Nilijua ni weye," alisema mwishowe.

"Ulijua?"

"Padri Gaspard hata tangazo la ubatizo alikuwa anasahau tarehe. Aandike 'tunaamuru na kuthibitisha'? Yule? Nilijua siku ile ile, pale ulipokuwa unanisomea. Uliifahamu kwa moyo, Mwalimu. Hukuangalia karatasi."

Cyriaque aliinamisha kichwa.

"Donc, kwa hiyo umekuja nikuokoe."

"Si mimi. Mzee Elysée. Wakivunja protokoli, yule mzee atakufa ndani ya chumba chake na hakuna atakayejua hadi Jumapili tatu zipite. Kwangu mimi, fanya unavyotaka."

Kijiko kilisimama. Thacienne alimpenda Elysée, nani asiyempenda. Akageuka, akafuta mikono kwenye kitenge chake.

"Nitakuja kesho. Nitamwomba Padri awasikilize. Lakini sitatetea uongo. Kabla sijafungua kinywa, utawaambia wenzako nani aliandika ile karatasi. Mbele yao wote, si pembeni kwa Padri. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Haya. Kula kwanza. Unatetemeka."

Jumapili, baada ya Misa, walinzi walishuka chini. Ni chumba kirefu chenye viti vya kukunja na harufu ya kahawa ya Wareno. Padri Novatus alikaa mezani na bahasha mbele yake. Walinzi walijipanga ukutani, tepe zikiwa begani, na Elysée alisimama karibu kabisa na fremu, kama vile ndiye anayeilinda. Landry alisimama mlangoni, macho mekundu. Huyu naye alikuwa hajalala tangu mtoto alazwe, tusimwonee. Padri aliifungua bahasha. Ndipo mlango ukagongwa, na Mama Thacienne akatokea na kina mama wawili wa kamati.

Landry, kwa mazoea, alinyoosha mkono uliovaa glavu. "Mama, samahani. Hiki ni kikao cha protokoli."

"Mwache apite," Cyriaque alisema.

"Mwalimu, barua inasema..."

"Najua inavyosema. Mwache apite."

Alitembea hadi ukutani. Elysée alimpisha, bila kuelewa. Cyriaque aliitungua fremu na kuilaza mezani mbele ya Padri, kioo juu.

"Barua hii Padri Gaspard hakuiandika," alisema. "Niliiandika mimi. Nilimpa atie sahihi akiwa na haraka, nikamwambia ni utaratibu tu. Jumatano uliniuliza, Padri, nikasema sijui. Nilidanganya. Nilitaka tuwe kama wale mashujaa niliokuwa nawafundisha, mtu asituguse. Yule mtoto aliugua kwa sababu ya kiburi changu, Landry alishika kitasa tu. Wenzangu hawa waliapa juu ya maneno yangu wakidhani ni ya padri. Kama kuna wa kuvunjwa, ni mimi."

Landry alivua glavu, moja kisha nyingine, akazitazama. "Tuliapa juu yake, Mwalimu," alisema. "Nilimnyima yule mama njia kwa sababu niliapa."

"Najua."

Mama Thacienne alisogea mezani. "Padri, Kamati ya Misa haina mamlaka juu ya watu hawa. Walitwambia wenyewe. Hata hivyo tunaomba wasikilizwe. Hakuna Jumapili hata moja Mzee Elysée alikosa kuniuliza hali ya mama yangu. Sisi hatutaki mlango usiwe na mtu. Tunataka ufunguke."

Padri Novatus alizitazama karatasi mbili, ile ya ndani ya kioo na ile ya bahasha, kisha akaikunja ya bahasha akaitia mfukoni. "Basi semeni," alisema.

Wakasema mmoja mmoja, kwa karibu saa nzima. Walieleza kiapo kilivyo na kwa nini wanagusana mapaji ya uso. Ilikuwa tu salamu ya kwao, na hayo maneno ya siri yalikuwa ni Salamu Maria kwa Kifulero, lugha ya huko Uvira. Mmoja wa kina mama akaangua kicheko akajiziba mdomo. Mwisho ikabaki zamu ya Elysée, na wote walidhani angeomba aachiwe mlango wake.

"Yule mama si wa kwanza," mzee alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kabla ya Krismasi miye nilimzuia mwingine, na mapacha. Alinililia. Nikamwambia, mama, si mimi, ni neno la Padri. Akaondoka, hajarudi tena. Kila Jumapili namtafuta kwa macho." Akageuka kwa Cyriaque, na hakukuwa na hasira usoni mwake, afadhali ingekuwepo. "Mwalimu, nakupenda. Ulinipa kazi wakati sina mtu. Lakini umesimama sana. Uvue utepe, ukae."

Padri alimtazama Thacienne, Thacienne akatazama sakafu. Cyriaque aliuvua utepe. Ulimnasa sikioni, ikabidi Landry amsaidie. Akaukunja mara nne kama alivyoona Elysée akifanya, akamkabidhi mzee.

Padri aliamua mbele yao: protokoli itabaki, chini ya Kamati ya Misa, na komeo la mlango wa chini litang'olewa wiki hiyo hiyo. Barua alimrudishia Cyriaque pamoja na fremu yake. Jolie akaja kuweka humo picha ya ubatizo wa binti yao.

Jumapili iliyofuata Cyriaque alipanda ngazi za kanisa na mkewe kama waumini wengine. Mlangoni alisimama Mzee Elysée, utepe wa mkuu begani, umenyooka kama karatasi mpya. Alimsalimia kwa jina, akamwuliza hali ya mama yake aliyebaki Uvira, kisha akafungua kiganja cha glavu nyeupe: huku, Mwalimu. Benchi la nne kutoka nyuma. Cyriaque alikaa. Hakujua mikono huwekwa wapi mtu akiwa amekaa. Aliiweka magotini, akaikunja kifuani, akaishusha tena.

"Tulia," Jolie alinong'ona. "Unatikisa benchi zima."

Injili ilisomwa wakasimama, mahubiri yakaanza wakakaa. Padri Novatus alikuwa ndio kwanza amefika kwa Musa wakati mlango wa nyuma ulipofunguka. Cyriaque aligeuka kwa mazoea ya miaka tisa, tayari nusu amenyanyuka. Ni yule mama wa Rexdale, theluji mabegani, mtoto ndani ya koti. Elysée alimtangulia kwenye ujia wa katikati, taratibu, bila kunyata, hadi kwenye benchi la nne kutoka nyuma, akasimama hapo. Mama alimtambua Cyriaque. Alisita. Kisha akasema, "Naomba usogee kidogo."

Cyriaque akasogea. Mama alikaa, akafungua koti, na mtoto, aliyekuwa amelala, akanyoosha mguu wenye soksi ya sufi hadi ukafika juu ya paja la Mwalimu, ukatulia pale. Cyriaque hakujitikisa tena hadi mahubiri yalipoisha, na Padri Novatus, kama kawaida yake, hakuangalia saa.